Usikwangue uwanja, mvua imekaribia



Juma lililopita tuliongea juu ya minervali na viatu vya masomo, na wengine mmeniambia kwamba mwalimu haoni kitu kingine isipokuwa masomo. Basi leo naacha daftari mezani, tunatoka nje. Nataka tuangalie kitu ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukipa heshima: nyasi za uwanja wa nyumbani.

Kuna mama tayari anacheka. Nyasi? Si hayo ni mambo ya villa za Muhumba na Nguba, za watu wenye mlinzi na mashine ya kukatia? Hapana, mama. Naongea juu ya uwanja wako na wangu, ule wa hatua kumi kwa nane, wenye kamba ya nguo, mbabula pembeni na watoto wanaopiga mpira wa mifuko. Na naongea sasa, mwanzo wa Septemba, kwa sababu vumbi la Julai na Agosti bado liko kwenye madirisha lakini mawingu yameanza kukaa juu ya ziwa. Bukavu haitupi muda mrefu. Leo vumbi, kesho matope.

Mdogo wangu anaishi Canada. Mwaka wake wa kwanza kule alinipigia simu mwezi wa Oktoba akilalamika kwamba mwenye nyumba amempa rato akusanye majani ya miti yaliyoanguka juu ya nyasi, kisha amwage mbegu mahali palipobaki wazi, kabla theluji haijafika. Alishangaa watu wazima wanaohangaikia nyasi ambazo hakuna ng'ombe atakayezila. Mimi pia nilicheka. Sasa sicheki tena. Miezi ni ile ile, kazi karibu ni ile ile, ila wao wanajitayarisha kwa theluji na sisi tunajitayarisha kwa maji.

Niwaambie yaliyonipata, hata kama yananiaibisha.

Miaka miwili iliyopita, mwisho wa Agosti, tulikuwa tunangojea wageni wa mahari ya wifi yangu. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Walungu, pamoja na wajomba. Nilitaka wakute uwanja safi. Nami nilikulia katika nyumba ambamo uwanja safi ni uwanja mwekundu: udongo mtupu, umefagiliwa asubuhi, mistari ya ufagio inaonekana, hata jani moja halipo. Wengi wenu mlifundishwa vilevile. Mama mwenye nyasi mlangoni alikuwa anaitwa mvivu. Basi nikawapa vijana wawili franka elfu kumi, wakakwangua uwanja wote kwa jembe mpaka chini, mizizi na yote, na kila kitu wakakitupa kwenye bonde nyuma ya nyumba. Nilipiga hata picha.

Mama mkwe alifika, akasalimu watu, akakaa, akatazama uwanja. Yeye ni mkulima. Akasema polepole: "Binti yangu, mbona umeuvua uwanja nguo?" Tukacheka wote. Nilifikiri ni utani wa wazee.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha katikati ya Septemba, mchana, tukiwa masomoni. Niliporudi sikujua nianzie wapi. Kando ya ukuta udongo ulikuwa umeondoka kiasi cha vidole vinne, mawe ya msingi yanaonekana kama meno. Njia ya kwenda chooni ilikuwa imekuwa mfereji. Na kwa kuwa parseli yetu iko juu ya mteremko kama parseli nyingi za mji huu, matope yote yalikuwa yameshuka kwa jirani wa chini. Yaliingia jikoni kwake. Gunia la unga wa muhogo lililokuwa limekaa chini, likaharibika. Makala yake yote yakaloa.

Alipanda kwangu akiwa ameshika kiatu cha mtoto wake, kimejaa matope. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Alisema: "Mama Mwalimu, udongo wako uko kwangu. Kuja uuchukue."

Nililipa unga. Lakini miezi miwili hatukusalimiana. Shefu wa avenyu alitukalisha pamoja mara mbili. Watoto wetu wanaosoma darasa moja walianza kupita njia tofauti. Yote hayo kwa sababu nilitaka mistari ya ufagio.

Sasa mwalimu arudi kidogo ndani yangu, tufanye hesabu. Watoto wa darasa la sita wanaiweza, nasi tutaiweza. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 5 ina mita mraba 40 za bati. Mvua ya milimita 25 si ajabu kwetu, inaweza kushuka kwa saa moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Kwa hiyo 40 mara 25, unapata lita 1000. Hizo ni bidoni 50 za lita 20, zinazomwagwa kutoka juu ya nyumba yako peke yake, kwa saa moja, karibu na msingi wako. Fikiri mtu asimame mlangoni akimwaga bidoni 50 juu ya udongo mtupu uliokwanguliwa jana. Nawe ndiye umemlipa aliyeukwangua.

Nyasi zinafanya nini hapo? Kwanza majani yake yanapokea tone la mvua kabla halijagonga udongo. Tone linaonekana dogo, lakini likianguka juu ya udongo mtupu linaupasua na kuurusha. Tazama ukuta wako mweupe baada ya mvua, yale madoa mekundu ya chini yamerushwa na matone. Pili, vijiti vya nyasi vinayachelewesha maji. Maji yanayotembea polepole yanapata muda wa kuingia ndani ya ardhi, na yale yanayobaki hayana nguvu ya kubeba. Tatu, mizizi. Ng'oa shina moja la paspalumu na uone donge la udongo linalokuja nalo. Linaning'inia, hutaki kuachana nalo hata ukilitikisa. Hiyo ndiyo kazi yake mwaka mzima.

Najua mnachotaka kuniambia: nyoka na mbu. Hofu hiyo ni ya kweli, siidharau. Lakini nyoka anatafuta pa kujificha: nyasi ndefu, rundo la mawe, mbao za zamani, matofali yaliyoachwa nyuma ya nyumba tangu ujenzi. Nyasi fupi hazimfichi. Utamwona kabla hujamkanyaga. Na mbu hazaliwi kwenye nyasi, anazaliwa kwenye maji yaliyotuama: kopo, tairi, lile shimo ulilotaka kufukia tangu mwaka jana. Uwanja uliokwanguliwa unachimbika na kuweka madimbwi. Uwanja wenye nyasi fupi unakauka mapema.

Kwa hiyo, kati ya uwanja mtupu na kichaka kuna njia ya katikati, nayo ni nyasi fupi zinazotunzwa.

Nyasi gani? Kwetu mbili zinatosha. Kuna ukoka, mwembamba, unatambaa wenyewe hata pembeni ya barabara. Unavumilia jua na miguu ya watoto, lakini ukiuacha utaingia kwenye mboga na hautatoka. Na kuna paspalumu, yenye majani mapana kidogo, inayofunga ardhi vizuri kwenye mteremko. Mimi nachagua paspalumu kwa uwanja wa mteremko. Usiinunue. Omba kwa mtu anayepunguza yake. Nyasi hizi mtu akikupa hapungukiwi.

Ngoja mvua mbili tatu za kwanza zinyeshe ardhi iwe laini. Usilime uwanja wote. Wengi wanaharibu hapo: wanalima parseli nzima siku moja, mvua inakuja usiku, na udongo uliolegezwa unaondoka haraka kuliko ule mgumu. Chimba mistari midogo tu, inayokata mteremko kutoka upande huu hadi upande ule, kamwe isishuke na mteremko, kwa sababu mstari unaoshuka unakuwa njia ya maji. Kata vipande vya nyasi vyenye vifundo viwili au vitatu na mizizi kidogo. Vilaze kwenye mstari kila baada ya kiganja kimoja, funika vifundo, ncha ibaki nje, kisha kanyaga kwa mguu. Kukanyaga ni muhimu. Bila hiyo mizizi inaning'inia hewani na kukauka. Kama una nguvu ya sehemu moja tu mwaka huu, anza na ukingo wa chini wa parseli, pale ambapo maji yako yanaingia kwa jirani, halafu kando ya ukuta. Katikati patajijaza penyewe. Kwangu palifunga kabla ya Noeli.

Kati ya mistari, tandaza majani makavu, safu nyembamba. Na hapa nifike kwenye mti wa avoka, kwa kuwa karibu kila avenyu inao. Majani ya avoka yanaanguka kwa wingi, makubwa na magumu, na yakilala mengi juu ya nyasi kwa majuma kadhaa, chini yake zinageuka njano kama mtoto aliyefungiwa ndani. Zikianza mvua yanaloa na kushikana, hewa haipiti, nyasi zinaoza. Kwa hiyo yakusanye sasa, wakati bado ni mepesi. Watoto wanaiweza kazi hii na wanaipenda, hasa kuruka juu ya rundo.

Lakini usiyachome. Naomba sana. Jioni za mwisho wa kiangazi mji wetu unajaa moshi wa majani na masashe ya plastiki, kisha tunashangaa kwa nini watoto wanakohoa darasani. Ondoa masashe kwanza. Yakitupwa kwenye bonde yanashuka ziwani na kutoka kwenye Ruzizi, na taka za plastiki za namna hiyo ndizo zinazoziba mitambo ya bwawa linalotupa umeme. Majani yaliyobaki yaweke kwenye kona moja, changanya na maganda ya ndizi na viazi, na mavi ya sungura au simbilisi kama unafuga, geuza kila baada ya majuma mawili. Baada ya miezi mitatu au minne yatakuwa meusi, yananukia udongo wa msitu. Ule unyunyize juu ya nyasi dhaifu, mkono mmoja hapa, mkono mmoja pale. Kingine weka kwenye magunia ya lengalenga.

Kuna mama aliyeniuliza kanisani, kwa nini nipande nyasi wakati naweza kupanda sombe? Swali zuri. Mahali pa tambarare, panda mboga, sitakukataza. Tumbo halili nyasi. Lakini mboga inataka jembe mara kwa mara, na jembe kwenye mteremko ni kuurudisha uwanja kwenye hali ya utupu kila mwezi. Mimi nimeacha mteremko kwa nyasi, na mboga nimeziweka kwenye magunia karibu na jiko. Napata lengalenga za kutosha siku mbili kwa juma.

Kukata. Hapa vijana wenye kupekupe wanahitaji kusimamiwa, kwa sababu wanadhani kazi nzuri ni ile inayofika chini. Mwambie wazi kabla hajaanza: nyasi zibaki kimo cha vidole vinne vya mkono vilivyolazwa. Na asiondoe kwa mara moja zaidi ya theluthi ya urefu wake. Nyasi inakula kwa majani. Ukiyanyoa yote, inatumia akiba ya mizizi, na mizizi ndiyo tunayoihitaji. Kama ulisafiri na ukakuta zimefika magotini, kata kidogo leo, kidogo tena juma lijalo. Msimu wa mvua kila juma mbili zinatosha. Zilizokatwa zikiwa fupi ziache palepale, zitaoza na kulisha. Zikiwa ndefu wape sungura. Mbuzi, hapana: akifungwa kamba mahali pamoja anakula mpaka shina, na kwato zake zinachimba. Nimejadiliana na mume wangu juu ya mbuzi huyo, na mbuzi amehamia nyuma ya nyumba.

Mengine ni madogo, lakini yanaua nyasi zaidi ya kiangazi. Maji ya kufulia yenye javeli tusiyamwage uwanjani. Pale unapoyamwaga kila Jumamosi patabaki kovu. Majivu ya moto ya mbabula vilevile. Chini ya mti wa avoka kwenye kivuli kizito nyasi hazitakubali, usipoteze nguvu, weka mawe au acha majani yake yafunike. Na njia ambayo watu wanapita kila siku, kutoka mlangoni hadi chooni, hadi kwenye lango, ipe mawe bapa, moja kila hatua. Hakuna nyasi inayovumilia watu kumi wa nyumba moja kila asubuhi.

Yale maji ya paa, bidoni 50, pia yanahitaji kuelekezwa. Nyasi peke yake haziyawezi yakianguka mahali pamoja. Kama una uwezo, weka gutieri upande mmoja tu na pipa chini yake. Siku hiyo hutamtuma mtoto bombani. Kama huna, panga mawe madogo pale maji yanapoangukia, ili yasichimbe.

Sasa nisiwadanganye. Nyasi zinashika udongo wa juu, hazishiki mlima. Hatujasahau Mei 2023, wenzetu wa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, zaidi ya watu 400 walikufa kwa mvua na matope. Mbele ya maji ya namna ile paspalumu si kitu. Kwa hiyo ukiona ufa mrefu kwenye ardhi juu ya nyumba yako, na unazidi kufunguka. Ukiona miti au nguzo zimeanza kuinama upande mmoja. Mlango uliokuwa unafungika vizuri sasa unakwama. Maji ya matope yanatoka mahali ambapo hayakuwahi kutoka, usipande nyasi hapo. Chukua watoto mkalale kwa ndugu, na mwarifu shefu wa avenyu mchana huohuo, usingoje mvua iishe. Msiba wa namna hiyo unapenda usiku. Kwa mabonde yenye ukingo mkali, ambayo bado hayajafika hatua hiyo, kuna vetiva, nyasi ya mafungu yenye mizizi inayoshuka chini sana, hata mita 3 ardhi ikiwa nzuri. Lakini ipandwe na avenyu nzima kwa pamoja, siku ya salongo. Mama mmoja na jembe lake hatoshi.

Wapangaji mtasema: nyumba si yangu, nipandie nani? Nawaelewa, nami nilipanga miaka saba. Ongea na mwenye nyumba kabla, mwambie msingi wake ndio unaofunuliwa. Wengi wakisikia neno msingi wanasikiliza. Mwingine atakupunguzia kitu kidogo kwenye kodi, mwingine atakushukuru tu. Hata hivyo jikoni kutakakoingia matope ni kwako, si kwake.

Na jirani yangu wa chini? Ilikuwa Novemba alipopita langoni akanikuta nimepiga magoti nikikanyagia mistari ya paspalumu kwenye ukingo wetu. Alisimama muda, akasema mistari yangu imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Akaingia, akatuonyesha kwa kamba. Jumamosi iliyofuata waume zetu walichimba mtaro kando ya ua, unaopeleka maji yangu na yake kwenye mtaro wa avenyu, wakaujengea mawe. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anausafisha. Mwezi huu ni zamu yangu, na bado sijafanya. Nitafanya kesho.

Jumamosi hii kwenye mkutano wa chama kutakuwa na gunia la vipandikizi vya paspalumu, bure. Mje na kifuko cha nguo au kikapu, si sashe, na mvipande siku hiyo hiyo au kesho yake. Vikikaa zaidi funikeni kwa gunia lenye maji. Gunia analileta jirani yangu mwenyewe. Nyasi za kwake zimeota vizuri kuliko zangu, na ameniomba niliandike hilo hapa ili lijulikane.